Chakula Hakirudishwi

Kasongo alikuja kunitembelea mwezi uliopita, alipofika Dar es Salaam kutoa mzigo wake bandarini. Sasa ana kitambi na miwani, na magoti ambayo zamani yalimrusha hadi kwenye goli la mpira wa kikapu yanamsumbua kupanda ngazi zangu. Alikunywa chai, akauliza habari za kila mtu wa nyumba hii, akasifu pazia, nami nikajua kwamba ana neno analolizungukia, maana tangu ujana wake hakuwa mtu wa kusifu mapazia. Mwishowe aliweka kikombe chini akaniambia kwamba Athumani amefariki huko kwao Kondoa, kwa maradhi ya figo, na kwamba amekwisha kuzikwa. Nilisema yanayosemwa. Kisha kila mmoja akauwaza mwaka uleule, na najua ulikuwa uleule kwa sababu alipofungua tena kinywa alisema: "Mama, miye nilikuwa bado sijamusamehe."

Ndiyo maana nimekuita ukae hapa na kalamu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, na maandishi nayajua kwa kuyaona mikononi mwa wengine. Lakini mwaka ule sihitaji karatasi ili niukumbuke. Usiniulize nilizaliwa wapi wala nani alinioa. Hayo yana mahali pake. Anza na chumba, kwa sababu mambo yote yalipita chumbani. Na andika mapema, ili msomaji asihangaike, kwamba vilivyokuwa hatarini vilikuwa viwili: nafasi ya vijana wawili katika chuo chao cha michezo, na chumba chenyewe, ambacho kilikuwa kikiwalisha na kuwasomesha watoto wangu huku nyumbani. Ilifika siku ambapo kimoja kililazimika kuanguka ili kingine kisimame, na aliyechagua hakuwa mimi.

Chumba kilikuwa Xiaobei, mjini Guangzhou, China, katika jengo la zamani lisilo na lifti, ghorofa ya juu kabisa. Wanaosafiri siku hizi wananiambia kwamba Mtaa wa Dengfeng umejaa maduka ya watu wetu, wabadilisha fedha, wauza simu, na mikahawa yenye majina ya miji yetu. Mwishoni mwa miaka ya tisini hapakuwa hivyo. Tulikuwa wachache, Watanzania wa Dar es Salaam na Unguja, Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, Wamali kadhaa, na mwanamke wa kupika wali wa nazi alikuwa mimi peke yangu. Jiko langu lilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma. Majirani wa ubavuni walianika soseji za nguruwe na bata waliokaushwa kwenye fito zao wakati wa baridi, nami nikatundika shuka nene katikati ili mafuta yao yasidondokee vyungu vyangu. Hawakukasirika, na baada ya muda waliniletea machungwa. Nyama nilinunua kwa mchinjaji Mwislamu karibu na msikiti wa kale. Nazi nilinunua kwa muuza matunda ambaye kila mara alitaka kunitobolea ninywe maji, na kila mara alinitazama kwa huruma nilipomkataza, kwani hakuelewa kwamba mtu anaweza kuitaka nyama ya nazi na kuyamwaga maji yake. Majuma ya mwanzo nilipika vitumbua kwa mchele wao wa kunata bila kuujua, vikatoka kama gundi, na Haji Mbarouk akasema kwamba vinafaa kubandikia soli.

Huyo Haji Mbarouk alikuwa mfanyabiashara wa viatu, Mzanzibari, mkarimu kweli, mwenye sauti ya kujaza ngazi, na mwenye udhaifu mmoja, kwamba wema wake alipenda uonekane. Alikuwa mteja wangu wa kwanza. Natumia neno mteja leo kwa kuwa siogopi tena. Wakati ule hatukulitumia. Sikuwa na kibali cha kuuza chakula. Visa yangu ilisema kwamba mimi ni mnunuzi wa nguo, na asubuhi nilikuwa hivyo kwa haki, nikizunguka majengo ya jumla ya Barabara ya Zhanqian kutafuta nguo za watoto. Mchana na jioni nilikuwa mpishi. Mlangoni hapakuwa na kibao. Mtu alikula, akaacha alichoacha chini ya sahani, nami sikuinua sahani mpaka awe ameshuka. Wenye mamlaka wangeligundua hilo, ningepandishwa ndege bila kuulizwa mara mbili. Kila aliyepanda ngazi zile alilijua, na hakuna aliyelitamka.

Athumani na Kasongo hawakuacha kitu chini ya sahani, kwa sababu walikuwa wanafunzi, nami sikumtoza mwanafunzi. Walikuwa wakisoma katika chuo upande wa pili wa mji. Athumani alikimbia mbio ndefu. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, na alikula akitazama sahani yake tu. Chuo kilimpa masomo, kitanda na mlo kwa ajili ya miguu yake, na siku ambayo miguu ile ingeacha kuwa ya timu, vyote vitatu vingeondoka pamoja. Kasongo, Mkatoliki wa Lubumbashi, alicheza mpira wa kikapu. Yeye alisomeshwa na serikali yake, lakini alikuwa ameahidiwa kwamba akicheza vizuri msimu ule angechukuliwa na timu ya kulipwa, na aliizungumzia ahadi hiyo kama mtu anayezungumzia harusi yake. Wote wawili walisema Kichina kama wenyeji. Wafanyabiashara waliwapenda kwa hilo, maana laoban wa kiwandani, bosi mwenye mali, aliposema "meiyou", yaani hakuna, Athumani aliweza kumwuliza kwa upole mpaka kikapatikana. Haji alipotaka kumlipa kwa kazi hiyo, kijana alikataa, akaeleza sababu yake.

Sababu ilikuwa sheria. Mwanamichezo wa timu ya chuo hakuruhusiwa kupokea kitu chochote kwa mfanyabiashara: nguo, viatu, fedha, malazi, wala fadhila nyingine yoyote. Inasemekana miaka ya nyuma wachezaji fulani walikirimiwa na matajiri, wakaanza kushindwa kwa makusudi, na chuo kikaaibika. Wale waliokuwa wakila mkekani kwangu siku hiyo waliguna. Mimi sikuguna, na hadi leo siguni. Sheria ile haikuwa mbaya. Kijana anayelishwa na tajiri hujifunza kumtazama tajiri usoni kabla hajafanya lolote, na miguu yake huwa si yake tena. Nilimwambia Athumani ashike hivyohivyo, na Haji nikamwonya asimjaribu. Wala hakuna aliyewaza, si Athumani, si Haji, si mimi, kwamba sahani ya wali iliyokuwa mbele yake wakati akiyasema hayo ilikuwa ndani ya sheria ileile. Kwetu chakula hakihesabiwi katika vitu mtu alivyopewa. Ukimkuta mtu anakula, atakukaribisha. Ukila, hujapokea kitu, umekula tu. Tulibeba desturi hiyo hadi Guangzhou bila kujua kwamba tumebeba kitu.

Mwaka ule Ramadhani iliishia palepale Wachina walipoanza sikukuu ya mwaka wao mpya. Viwanda vilifungwa, malori yalisimama, wauzaji wa Zhanqian wakarudi vijijini kwao, na wafanyabiashara wetu ambao mizigo yao haikuwa tayari wakabaki mjini hawana la kufanya ila kufunga na kusubiri. Bwalo la chuo nalo likafungwa, kwa kuwa wapishi walikwenda kwao. Niligundua kwamba Athumani alikuwa akifuturu tambi za pakiti za maji ya moto, na alipozileta nizione, mkalimani wetu wa siku zote akiwa ni yeye mwenyewe, alinisomea kwamba zina mafuta ya nguruwe; alikuwa hajawahi kuyasoma yale maandishi madogo. Nilimwambia kuanzia siku hiyo atafuturu kwangu mpaka mwezi uishe, na Kasongo aje naye, maana bwalo lilikuwa limefungwa kwa wote, Mwislamu na Mkristo. Athumani alitaja sheria, safari hii kwa sauti ndogo. Haji Mbarouk akamjibu kwamba futari ni ya Mungu, na Mungu si mfanyabiashara. Watu walicheka, na jambo likaisha.

Futari ya mwezi ule ilikuwa na utaratibu wake. Wafanyabiashara waligombea siku. Leo ya huyu, kesho ya yule, kila mmoja akinunua nyama, tende na mihogo ya siku yake, nami nikapika bila ujira, kwa kuwa nilitaka na mimi fungu langu la thawabu. Ulikuwa mwezi pekee ambao chini ya sahani hapakuwekwa kitu. Baridi ya Guangzhou si kali kwa kuitaja, lakini huingia kwenye mifupa kwa unyevu wake, na nyumba zao hazina moto. Watu walikaa mkekani na makoti yao, mvuke wa uji wa pilipili manga ukipanda kati yao, na mazungumzo yao niliyasikia kutoka jikoni kupitia mlango wa kioo usiofungika vizuri. Walizungumza habari za kontena, za wake zao, za mwenye kiwanda fulani aliyetoroka na amana za watu. Waliwatania wale vijana.

"Wewe Kasongo, leo umefunga?" Haji aliuliza siku moja.

"Nimefunga, Haji. Tangu saa tisa."

"Saa tisa ya alfajiri?"

"Ya mchana. Bon, mwenye kuanza anaanza kidogo kidogo."

Hata Athumani alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona kupitia kioo kile. Nilikuwa mwanamke mkali, na bado ni mkali, sikuwa na desturi ya kuwabembeleza vijana wa watu. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa nikimwekea muhogo wa katikati ya chungu, ulioiva vizuri zaidi, na sikumwambia.

Siku ya Idi Haji Mbarouk alipanda ngazi na mifuko. Alikuwa ameleta mkono wa Idi kwa kila mtu, kwangu mimi kitambaa, kwa vijana viatu vya michezo vya sampuli kutoka kwa laoban aliyemuuzia. Athumani alirudi nyuma. Haji akasema kwamba mkono wa Idi hukataliwa na adui tu, na watu wazima wote waliokuwapo wakasema ni kweli, na kijana mwenye adabu angefanya nini? Alivipokea kwa mikono miwili. Kisha Haji akatoa kamera. Aliwakalisha mkekani, sinia kubwa la pilau mbele yao, viatu mapajani, yeye mwenyewe katikati akiwa amewashika mabega. Nilimwambia kutoka jikoni kwamba sadaka haipigwi picha. Alinijibu kwamba hii si sadaka, dada yangu, hii ni furaha.

Haji hakuwa na nia mbaya, na hilo liandike pia. Picha aliitundika ofisini kwake. Laoban wa viatu akaiona, akaipenda, akaomba nakala. Na soko lilipofunguliwa tena baada ya sikukuu, ilikuwa imekuzwa kama mlango na kutundikwa kwenye lango la jengo moja pale Zhanqian, wanamichezo wawili Waafrika na viatu vya kiwanda chake, pilau yangu ikimetameta chini yao. Kulipoanza majuma yale ya masika ambapo kuta za Guangzhou hutokwa na jasho na nguo hazikauki, kocha wa chuo alipita hapo kununua soksi za timu.

Vijana waliitwa mbele ya kamati ya chuo. Kuhusu viatu, mambo hayakuwa magumu. Athumani hakuwa amevivaa hata mara moja, Kasongo aliwahi kuvivaa mara chache, Haji alivichukua vyote na kuvipeleka mwenyewe chuoni akiomba radhi, na kamati ilikubali kwamba zawadi iliyorudishwa ni kama haikutolewa. Lakini bibi mmoja wa kamati, mwenye macho makali na swali moja tu, aliinyooshea kidole picha ile upande wa chini. Chakula hiki, aliuliza, kilitoka kwa nani? Kama mlikinunua, jambo limekwisha. Kama mlilishwa na wafanyabiashara, basi mmepokea, tena kwa siku nyingi, na chakula hakirudishwi. Vijana walisema watajibu. Waliambiwa kwamba kamati itakwenda kuiona nyumba yenyewe na kumwuliza mwenye nyumba.

Walikuja kwangu siku moja kabla ya kamati, wakakaa mkekani bila kula. Kasongo ndiye aliyesema. "Mama, njo vile: unasema tulilipa. Ni neno tu. Tulilipa, tunatoka, tunacheza. C'est fini." Aliongea haraka. Nilikwisha kulifikiria jambo hilo tangu niliposikia habari, na nilijua kile ambacho Kasongo, kwa hofu yake, hakukiona au hakutaka kukiona: wakisema walinilipa, basi mimi nauza chakula, na mimi ninayeuza chakula bila kibali na kwa visa ya kununulia nguo nitaondoka nchini, na chumba kitakwenda, na karo ya watoto itakwenda. Niliyapima. Mtu akiwalisha watoto wa wenzake hawezi kuwatapisha. Niliwaambia: "Kesho mtasema mlilipa, nami nitasema mlilipa. Kisha nitafunga mizigo yangu."

Athumani aliinua uso. "Na watoto wako, Mama?"

"Watoto wangu wana mama. Wewe fanya nilivyokuamuru."

Alisema ndiyo, Mama. Hakuwahi kuniasi katika jambo lolote, hata la kunawa mikono, kwa hiyo sikuwa na shaka.

Walikuja kesho yake mchana: bibi wa kamati, kocha, mtu wa ofisi ya mtaa aliyevaa kitambaa chekundu mkononi, na mkalimani. Mkalimani alinishangaza. Alikuwa mzee wa Kichina aliyefanya kazi kwenye reli yetu enzi za ujenzi wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mbeya, kizito na safi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani. Mtu wa mtaa hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja jikoni akafunua vyungu, akatazama ukubwa wake, akahesabu sahani kwa kidole. Nilielewa kwamba yeye hakuja kwa ajili ya wanamichezo. Nadhani na mkalimani alielewa, kwa sababu alipokaa alisema polepole, akichagua maneno: "Mama, nitakuuliza kama nilivyotumwa. Lakini fikiri kwanza. Wanaosikiliza ni wengi." Halafu akauliza: "Hawa vijana walikulipa kwa chakula walichokula hapa?"

Nilikuwa nimefungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini mwangu. Athumani alisema kabla yangu, kwa Kichina, akiwa amesimama, mikono ubavuni, akimtazama kocha wake wala si mimi. Hayakuwa maneno mengi. Sikuelewa hata moja, ila niliuona uso wa Kasongo ukibadilika, nikaona mtu wa mtaa ameacha sahani zangu na kugeuka. Mkalimani alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Amesema mama huyu hauzi chakula," aliniambia. "Amesema walikula hapa kama watoto wanavyokula kwa mama yao. Hawakulipa kitu, na wangetaka kulipa, mama asingekubali." Kisha akaongeza neno ambalo hakutumwa kuliongeza: "Sasa, Mama, na wewe sema."

Fikiri jinsi nilivyofungwa. Kama ningesema walilipa, ningemfanya mwongo mbele ya mwalimu wake, na bado wangemwadhibu, kwa uongo badala ya wali. Kama ningenyamaza, mtu wa mtaa angeujaza ukimya ule apendavyo. Nilisema lililokuwa kweli kwa mwezi ule: "Futari haiuzwi." Mkalimani alilipeleka. Kasongo aliulizwa kama ndivyo, akatazama mkeka, kisha akasema neno moja la Kichina ambalo hata mimi nililijua, maana sokoni lilisemwa kutwa nzima. Alisema ndiyo.

Mtu wa mtaa aliondoka wa kwanza, bila kuandika kitu. Mwanamke anayelisha wenzake kwa ajili ya dini hakuwa na kosa katika vitabu vyake. Kocha alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni, mtu mfupi, mwenye mvi, akasema maneno ambayo mkalimani aliyatafsiri akiwa anafunga viatu vyake: kwamba Athumani ni mkimbiaji bora kuliko wote aliopata kuwafundisha, na kwamba sheria ile aliiandika yeye mwenyewe.

Kwenye ngazi nilisikia sauti ya Kasongo kutoka ghorofa ya chini. "Weye ulijitoa, sawa. Miye nani alikutuma unitoe?" Kasongo alirudia, na safari ya pili sauti yake ilipasuka. Nilibaki na ufagio mkononi, sikushuka. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nimeishi na watu wanaomsifu Athumani kama mtu aliyefanya wema mtupu, wamekosea. Alininunulia chumba changu, na sehemu ya bei aliyotoa haikuwa yake. Mwezi uliopita Kasongo aliponiambia kwamba hakuwa amemsamehe, nilimjibu kwamba sikumwona kuwa na deni la kusamehe, na kwamba mimi nisingemwomba asamehe. Alishangaa. Alitarajia, nadhani, kwamba ningemkaripia.

Wote wawili walisimamishwa kwa mwaka mzima, wasicheze wala wasifanye mazoezi na timu. Kasongo alibaki darasani kwa ufadhili wa serikali yake, lakini timu ya kulipwa haikusubiri. Ilimchukua mwingine, na yeye akaanza kununua na kuuza simu, na ndiyo kazi iliyomfikisha kwenye kitambi chake. Athumani alinyang'anywa vyote vitatu, masomo, kitanda na mlo. Haji Mbarouk alikuja kwangu akilia kwa sauti, akasema atamlipia masomo, atamlipia chumba, atamlipia kila kitu. Nilimwuliza kama atapiga picha. Hakuja kwangu tena mpaka Ramadhani iliyofuata, na alipokuja aliketi karibu na mlango. Athumani naye alikataa msaada wa kila mtu. Alisema kwamba akipokea sasa, kamati itaonekana ilisema kweli juu yake tangu mwanzo. Tikiti ya kurudi alipewa na chuo, kwa mujibu wa mkataba wao.

Katika majuma yale ya kungoja hakukanyaga kwangu. Niliambiwa kwamba alilala kwa Wamali, na kwamba kila asubuhi alikimbia kando ya mto, peke yake, bila saa na bila mtu wa kumtazama. Nilituma chakula kwa bakuli. Bakuli lilirudi limeoshwa, na Wamali walisema kilikuwa kitamu, nikajua nani amekila. Nilikasirika. Niliwaza kwamba ameniondolea mzigo mmoja na kunitwisha mwingine, na sikujua ni wapi pa kuutua. Wateja waliendelea kuja. Chini ya sahani palikuwa na vilivyokuwapo siku zote, nami nilivichukua, nikavituma nyumbani, na watoto wakaendelea kusoma. Sikuwahi kukivuka kizingiti cha chumba kile bila kujua kimesimama juu ya nini.

Siku ya safari yake alikuja adhuhuri, kabla ya wengine, na begi begani. Nilikuwa nikikuna nazi. Hakuniamkia kama kawaida yake; alivua viatu, akanawa mikono, akaketi mkekani mahali pake. Nilisimama mbele yake na ukali wangu wote, nikamwuliza kwa nini aliniasi. Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata anapoulizwa kama anataka chumvi.

"Uliniamuru niseme nilinunua," alisema. "Nisingeweza, Mama. Katika mji huu wote nimenunua. Hapa sikununua."

Nilirudi jikoni nikakaa huko mpaka macho yangu yalipotulia, nikasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa la gesi.

"Mama," aliita kutoka mkekani, na nilisikia kwamba anatabasamu, "nimekuja kula. Sasa hakuna sheria inayonikataza."

Nilimpakulia wali na samaki wa kupaka na mboga yao ile ya majini tuliyoizoea badala ya mchicha. Alikula polepole, safari hii akitazama chumba na si sahani: kuta, pazia, shuka langu kule kibarazani. Aliongezewa mara moja. Alipomaliza aliomba ukoko, kama mtoto wa nyumbani, nami nikaukwangua wote mpaka chungu kikalia, nikampa, kisha nikaenda kusimama mlangoni. Wateja walikuwa wameanza kupanda ngazi. Niliwaambia wasubiri nje, wote, na walipouliza kuna nini, niliwaambia kwamba mwanangu anakula.